Kamba ya Kaniki

Harufu ya dizeli ya jenereta kwangu ni harufu ya Jumamosi. Wengine wakiisikia hukunja pua na kufunga madirisha. Mimi hugeuka kutafuta inakotoka. Nilipokuwa darasa la tano, kabla Mpanda haijawa makao makuu ya mkoa, umeme wetu ulikuwa wa kubahatisha, na Mzee Ramadhani, mwenye duka kubwa la mtaani kwetu, aliwasha jenereta yake kila Jumamosi saa nne asubuhi ili watoto watazame katuni. Duka lake lilipakana na kanisa letu, katikati ukiwa ua wa minyaa tu. Upepo ukitoka upande wa reli, moshi uliingia kanisani ukiwa umechanganyika na harufu ya dagaa wa Ikola waliojaa kwenye magunia barazani kwake. Sisi tulikuwa watu wa kutunza Sabato. Kwa hiyo, saa ile ile ambayo watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga sakafuni kwa Mzee Ramadhani, mimi nilikuwa kwenye benchi, nimevaa gauni jeupe lenye ukosi mkubwa, nakariri fungu la kukumbuka.

Katuni yenyewe ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule. Ilihusu vijana wanne wa sekondari na mbwa wao wawili, ambao kazi yao ilikuwa kupeleleza wezi kila mahali walipokwenda. Mbwa mmoja alikuwa mnene na mvivu, mwingine mdogo mwenye madoa na kiherehere. Hayo yote niliyajua kwa kusimuliwa. Nilichokijua kwa masikio yangu mwenyewe ni wimbo wa kufungulia, mlango wa gari ukijibamiza, na mbweko. Mbwa wa kwenye televisheni wakibweka, mbwa wangu Kaniki, aliyekuwa akinisubiri kwenye ngazi za kanisa, aliinua kichwa na kuwajibu. Mwalimu wa somo alikohoa, na baba yangu, mzee wa kanisa, alinitazama kana kwamba niliyebweka ni mimi.

Msimulizi wangu alikuwa Tatu, binti wa Mzee Ramadhani, ambaye tulikaa dawati moja shuleni. Tatu alikuwa na televisheni lakini hakuwa na mbwa, wala asingeweza kuwa naye, kwa sababu kwao mate ya mbwa ni najisi. Mimi nilikuwa na mbwa lakini sikuwa na Jumamosi. Kidole kimoja hakivunji chawa, tukaunganisha vyetu. Kila Jumapili alasiri, tukipanga foleni ya maji bombani, yeye alinisimulia katuni ya jana yake, na mimi nilimletea Kaniki. Alisimulia kwa mwili mzima. Alitambaa, alinusa ndoo za watu, alinyoosha kidole kumwonyesha mwizi. Kaniki alimpenda, na mara nyingi alimlamba kabla hatujamzuia. Hapo tulikwenda pembeni, mimi nikamchotea udongo safi, nikammiminia maji kwa kopo, tukihesabu kwa sauti ya chini hadi saba. Wanawake wa foleni walilalamika kwamba tunamaliza maji, na walikuwa na haki.

Nilitosheka na nusu yangu kwa karibu muhula mzima. Kisha, katikati ya masika, tamaa ikanishika. Nilitaka kuona kwa macho. Kati ya somo na ibada kuu kulikuwa na mapumziko mafupi, baba na wazee wenzake wakikutana chumba cha nyuma, na mama alikuwa Magamba kumuuguza dada yake. Jumamosi moja nilipenya kwenye ua wa minyaa, nikaibukia nyuma ya duka. Kaniki, ambaye sikumwalika, akapenya pia, akiburuta kamba yake. Tatu alipotoka na kutukuta wawili, alishika kichwa. Mbwa akionekana mlangoni, sote tungetimuliwa.

"We Dorika, utaniponza," alisema. Akamtazama Kaniki, akanitazama mimi na gauni langu jeupe lililoshika utomvu. "Haya, nenda we ukaone. Mi nimeshaona nyingi. Nipe hiyo kamba."

Aliizungusha kamba ya katani mara mbili mkononi, akakaa kwenye kreti tupu la soda kando ya jenereta, na mimi nikaingia. Sikumshukuru. Nilijibanza mlangoni, nyuma ya vichwa vya wenzangu, na mambo niliyoyaona yalinisumbua kidogo. Mbwa walikuwa wadogo kuliko wa simulizi za Tatu, na vijana walikimbia kwa namna moja tu, miguu ileile, ukuta uleule ukipita nyuma yao mara nane. Lakini nilizama. Vito vya mama mmoja vilikuwa vimeibwa, watu watatu walishukiwa, na mara tu msichana mrefu aliponyoosha kidole kumtaja mwizi, jenereta ilikohoa ikanyamaza. Picha ikasinyaa ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, nayo ikazimika. Watoto walipiga kelele hadi wapangaji wa jirani wakatoka nje. Nilimchukua Kaniki kwa Tatu, nikarudi kanisani nikiwa na moyo unaodunda, nikaimba wimbo wa kufungulia ibada kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu.

Tulipotoka ibadani tulimkuta Mama Joeli kwenye lango la kanisa. Alikuwa mjane, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na mikononi alikuwa amebeba mwanambuzi aliyeraruliwa shingo. Alisema jenereta ilipozimika na mtaa kutulia, ndipo aliposikia mbuzi akilia, akatoka mbio na kuona mgongo wa mbwa mweusi ukipotelea kwenye mahindi. Mtaani kwetu mbwa weusi hawakuwa wengi. Macho yote yalimgeukia Kaniki, ambaye alikuwa anatikisa mkia kwa kila mtu, akidhani ni yeye anayesalimiwa.

Baba hakuwa mtu wa makelele. Tulipofika nyumbani alivua koti, akakaa, akaniita kwa jina alilotumia alipotaka kuwa mpole, yaani mwanangu, kwa Kirundi cha wazazi wake. "Mwana wanje," alisema, "wewe ndiye mwenye mbwa. Asubuhi alikuwa wapi?"

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimekariri amri ya nne, ile ya kuikumbuka Sabato, mbele ya kanisa zima bila kukosea hata neno. Baba alikuwa amepigapiga goti kwa furaha.

"Sijui, baba," nilijibu.

Kisha akasema kwamba mbwa akishaonja damu ya mfugo hafugiki, na kwamba balozi wa nyumba kumi angesikiliza shauri kesho alasiri. Likithibitika, Kaniki angepigwa rungu Jumatatu asubuhi. Alilisema bila ukali, na hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema ili mbwa wangu apone, na sikuisema wakati wa chakula cha jioni, wala wakati wa sala, wala kesho yake asubuhi nilipompelekea Kaniki ukoko wa ugali alikofungwa. Nilijiambia kwamba labda Mama Joeli atabadili mawazo. Watu wazima hubadili mawazo, nilijiambia, ingawa sikuwa nimewahi kumwona Mama Joeli akifanya hivyo.

Shauri lilisikilizwa uani kwa Mama Joeli. Balozi alikaa kwenye kiti, sisi wengine tukasimama. Mzee Ramadhani naye alikuja kwa ujirani, kofia yake kichwani, tasbihi mkononi. Mama Joeli alieleza yake. Baba alisema hana la kumtetea mbwa. Balozi alikuwa ameshafungua mdomo kutoa uamuzi Tatu alipojitokeza kutoka nyuma ya watu. Habari za mtaa zote huanzia dukani, kwa hiyo alikuwa amezisikia tangu jana.

"Mbwa alikuwa na mimi," alisema. "Jenereta inazimika, kamba yake iko mkononi mwangu. Hapo nyuma ya duka."

Mzee Ramadhani aliacha kuhesabu tasbihi. "Umemshika mbwa?" aliuliza.

"Kamba, baba. Ila alinilamba. Nikanawa mara saba."

Watu walicheka. Mzee Ramadhani hakucheka. Balozi aliuliza kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeshuhudia. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, karibu kiasi cha kuona uzi uliofumuka kwenye mshono wa koti lake. Tatu hakunitazama. Alimtazama Kaniki.

"Nilikuwa peke yangu," alisema.

Nikanyamaza. Mpaka leo naweza kuuona ule uzi.

Balozi alikuna kidevu, kisha akatoa hukumu ambayo watu wa mtaa waliisifu kwa miaka. Alisema mtoto hudanganya ili apate kitu au akwepe kiboko. Sasa huyu binti, kwa jinsi kwao walivyo, anasema mbele ya baba yake kwamba alikaa na mbwa na akalambwa. Uongo wa namna hiyo una faida gani? Kaniki akafunguliwa. Nani aliyemrarua yule mwanambuzi hatukujua kamwe. Kwenye katuni angepatikana.

Tatu hakuchapwa. Alifungiwa televisheni hadi shule zifungwe, na bombani hakuja tena. Wakaanza kumtuma dada yake. Sikumwomba radhi. Nilitaka, lakini kila nilipofungua mdomo nilimwona kama anatarajia niseme jambo lingine, nikauliza kuhusu hesabu. Cha ajabu ni kwamba aliendelea kunisimulia katuni, sasa njiani kwenda shule siku za Jumatatu. Nilidhani anachungulia dirishani kwao. Simulizi ya mwisho ilikuwa ya kijana mmoja kati ya wale wanne aliyemjua mwizi tangu mwanzo akanyamaza, kwa sababu alimwogopa baba yake, na mbwa mwenye madoa karibu auawe.

"Wenzake walipojua, wakamfanyaje?" niliuliza.

"Hawakumfanya kitu," Tatu alisema. "Walimpa kamba ya mbwa, wakamwambia sasa shika we."

Shule zilipofungwa alipelekwa Ikola kwa bibi yake, akasomea huko. Watu wazima walisema bibi alihitaji mtu wa kumsaidia kuanika dagaa, na huenda ni kweli. Kaniki aliishi miaka mingine sita, akafa kwa uzee jikoni.

Leo nashona sare za shule hapa hapa Mpanda, umeme upo, na ile katuni imo yote kwenye simu. Wanangu wanaitazama Jumapili, kila mmoja na simu yake na vidude vya masikioni, na hakuna anayemsimulia mwenzake kwa sababu hakuna aliyekosa. Mimi nimeitazama yote nikiwa kwenye cherehani, moja baada ya nyingine, nikiitafuta ile ya kijana aliyenyamaza. Haipo. Hata kamba haipo; mbwa wa katuni ile hawafungwi. Mwezi uliopita nilipata namba ya Tatu kwa mama mmoja anayeleta dagaa sokoni kutoka Ikola. Nilimpigia, tukasalimiana kama watu wazima, tukaulizana habari za watoto, kisha nikamwuliza aliiona wapi ile ya kijana aliyenyamaza.

"Dorika," alisema, "si nilifungiwa televisheni? Ningeiona wapi?"

Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu alikuwa amekawia sana njiani. Nilimwambia kwamba nilikuwa pale uani, kwamba nilimsikia akisema alikuwa peke yake, na kwamba naomba radhi. Nililia kidogo, sifichi. Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu akiburuta turubai.

"Ile ya siku ile," Tatu alisema baadaye. "Ya vito. Mi ile sikuiona kabisa, nilikuwa na mbwa wako nje. Mwizi alikuwa nani?"

Nilisimamisha cherehani. Nikamsimulia tangu wimbo wa kufungulia, polepole, nikipita pale jenereta ilipozimika bila kusimama, hadi mwisho.