Mimi Ndiye Niliyevunja Seneti ya Bugali

Mlio ninaoukumbuka mpaka leo ni wa viti vya chuma vikikunjwa. Kwa! Kwa! Kwa! Kimoja baada ya kingine, polepole, kwa sababu wazee hawana haraka. Walikunja viti walivyokuwa wamevikalia, wakaviegemeza ukutani vizuri, wakatoka ukumbini. Na sisi vijana tukapiga makofi.

Mimi ndiye niliyeanza yale makofi. Nimekosa, na sitajificha nyuma ya mtu. Jina langu tu naomba nibaki nalo, maana wengine ninaowasimulia hapa bado tunapita njia moja.

Mimi ni msusi hapa mtaa wa Joubert Park, huku kusini kabisa mwa Afrika, mtoto wa Uvira. Shule niliishia sekondari mwaka wa pili. Lakini kuota, jamani, nilijaliwa! Niliota siku moja nitakuwa mbunge, nitasimama niseme, na nchi nzima itanyamaza kunisikiliza. Wateja walicheka wakaniita Mheshimiwa. Nami nikawa naitika.

Sisi Wakongomani tukifika watu kumi ugenini, lazima tuwe na prezida, katibu na mpinzani. Chama chetu cha kusaidiana kilikuwa na mkutano wa wanachama wote, tuliouita Bunge. Juu yake palikuwa na baraza la wazee, tuliloliita Seneti. Wazee wale hawakuchaguliwa na mtu yeyote. Waliteuliwa na mwanzilishi wa chama, naye alishahamia Kanada zamani, wao wakabaki vitini. Bunge likiamua jambo, halifanyiki mpaka Seneti ikubali.

Na Seneti ilikuwa nzito! Tulipoomba wasichana waingie kwenye kamati, walisema watafikiri. Walifikiri mwaka mzima.

Tena walikuwa na desturi yao. Mwanachama akishtakiwa, na Bunge likitaka kumfukuza, wazee hawasemi ndiyo wala hapana kabla hawajaenda nyumbani kwake kula. Wanakaa, wanakula bugali na sombe yake, yaani ugali na kisamvu, wanauliza habari za watoto. Shauri lenyewe linafunguliwa watu wakishanawa mikono. Sisi vijana tuliona ni ulafi tu.

Mwishoni mwa 2018 nyumbani kulikuwa na kampeni, na saluni nzima ilikuwa siasa. Nasuka kichwa huku nasikiliza wateja wakibishana habari za maseneti ya duniani. Huyu anasema yarekebishwe, watu wachaguliwe. Yule anasema yafutwe kabisa, ya nini kulisha wazee ambao hakuna aliyewapigia kura. Mimi nilimpenda yule wa kufuta. Maneno yake yalikuwa matamu mdomoni.

Nikayabeba mpaka kwenye mkutano wetu Rosettenville. Nikasimama nikasema kwamba mtu asiyechaguliwa hawezi kumfunga mdomo mtu aliyepiga kura, na kwamba hii yetu si Seneti ya watu, ni Seneti ya bugali. Ukumbi ulicheka mpaka mtoto aliyelala mgongoni mwa mama yake akaamka akilia.

Mama Nabintu akasimama. Ni fundi cherehani wa Jeppestown, mwanamke pekee katika wazee wale. Hakukasirika.

"Mwanangu, uko na haki," akasema. "Sisi hatukuchaguliwa. Basi mutuchague. Mutuwekee miaka. Mukitaka, mututoe leo muweke wengine. Lakini ule mutu wa kwenda kukula kwa mwenye kushitakiwa, musimutoe."

Nilikuwa na nafasi ya kukaa chini. Badala yake nikamjibu, "Mama, kama ni njaa, pitia saluni, nitakupikia."

Mtu wa umri wa mama yangu! Watu wakacheka tena, mikono ikapanda, Seneti ikafutwa. Ndipo nikasikia vile viti.

Miezi michache ikapita, tukiwa na furaha ya kuamua mambo siku hiyohiyo. Halafu polisi wakaingia kwenye jengo moja la Jeppestown ambako wenzetu walikuwa wanashona na kulala. Wasiokuwa na karatasi wakabebwa.

Jumapili ile Bunge lilichemka. Kila mtu alitaka kujua nani ametuuza.

Mimi wiki ileile nilikuwa nimemwona Bahati kwenye roboti, taa za barabarani, ameinamia dirisha la gari la polisi, anaongea nao. Bahati ni mlinzi wa usiku, mume wa Sifa. Na Sifa ni nani kwangu? Tulivuka mpaka pamoja. Tulilala chini ya blanketi moja kama ndugu wa tumbo moja mwaka wetu wa kwanza hapa. Mama yake kule Uvira ndiye aliyenilisha baada ya mama yangu kufariki, wala hakuwahi kuhesabu sahani.

Nilijua yote hayo, na bado nikasimama nikasema nimemwona.

Kukawa kimya kabisa. Jamani, ndiyo ile ndoto yangu! Nimesema, na watu wamenyamaza.

Bahati alijaribu kueleza kwamba walimsimamisha, karatasi yake imekwisha muda, alikuwa anawaomba wamwache aende kazini. Watu wakamwambia akae. Sifa hakumwangalia mwingine ila mimi.

"Wewe unanijua," akaniambia. "Unaingia kwangu bila hodi. Sema kama mimi niko mtu wa kuuza watu."

Nikainamia simu yangu, najifanya kuna ujumbe.

Mikono ikapanda. Hapakuwa na mtu wa kusema ngojeni kwanza, tukale kwake. Kabla jua halijashuka Bahati na mkewe walikuwa wamefukuzwa, na kwetu mtu akifukuzwa, hakuna mwanachama anayekwenda kwenye harusi yake wala kwenye msiba wake.

Baadaye wenzetu waliokuwa wamekamatwa wakaanza kuachiwa. Wakatuambia ukweli. Mwenye jengo ndiye aliyewaita polisi, alitaka vyumba vyake vibaki vitupu apangishe wengine. Bahati hakuhusika hata kidogo.

Nililia, kisha nikakimbia kwa prezida wetu, kijana mwenzangu niliyempigia debe mwenyewe. Nikamwomba airudishe kesi. Alinisikiliza akitabasamu.

"Mheshimiwa, Bunge limeshaamua," akasema. "Na juu ya Bunge hakuna kitu. Si wewe ulitufundisha?"

Nikarudi saluni kusuka.

Mwezi wa saba, katikati ya baridi, habari ikafika kwamba mama yake Sifa amefariki kule Uvira. Sifa hakuweza kwenda, maana karatasi zao wote wawili zilikuwa zimekwisha muda, akitoka harudi. Akaweka matanga kwenye chumba chake Rosettenville. Kwenye kikundi cha simu cha chama hakuna aliyeandika hata pole. Mimi pia sikuandika.

Siku ya pili nilinunua sukari na majani ya chai, nikaenda. Njiani nilijiambia nitamkuta peke yake, nitaanguka miguuni pake, atanipokea kwa kuwa hana mwingine.

Kutoka getini niliona mlango wa chumba uko wazi. Chumba kilijaa wazee. Wale wale tuliowafuta! Wamekaa kwenye mikeka, makoti yamefungwa mpaka shingoni, Mama Nabintu anasonga bugali kwenye jiko dogo, Bahati anawamiminia wageni maji ya kunawa. Sifa alikuwa katikati yao akimlilia mama yake kwa jina. Mama yake, aliyekuwa wangu pia.

Nikasimama getini. Kuingia kungekuwa kula pamoja nao, na mimi ndiye niliyeita kula huko ulafi. Mama Nabintu akainua macho akaniona. Hakuniita, wala hakunifukuza. Aliendelea kusonga.

Sukari na majani ya chai nikaviacha juu ya ukuta wa geti, nikaondoka.

Sasa wamehamia Durban. Nimemwandikia Sifa mara nyingi. Anasoma, naona, lakini hajibu. Simlaumu.

Ndugu zangu mnaosoma, sisemi wazee wasiguswe. Wetu walilala sana, na kuteuliwa milele ni kitu kibaya, hapo sijabadilika. Wachagueni, wawekeeni muda, wekeni mabinti zenu kati yao. Lakini kabla hujafuta kitu, uliza kilikuwa kinazuia nini. Sisi tulikuwa na jambo moja la kuzuia hasira yetu, tukaliita njaa. Na kama wewe ni mtu wa maneno matamu kama mimi, ogopa siku watu wote watakaponyamaza kukusikiliza.

Jioni ile ya matanga nilirudi chumbani kwangu Joubert Park. Kwetu mtu akifiwa na mama halali kitandani. Nikafunga mlango, nikashusha godoro nikalisimamisha ukutani, nikatandika kanga juu ya saruji, nikalala chini.