Mbuzi wa Mtihani wa Zuolojia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi kimo, funguo za maabara, na ndoo ya vyura. Mimi ni Dahabo, mzaliwa wa Garissa, na wakati huo nilikuwa nimemaliza kusomea ufundi wa maabara. Kwa nyinyi vijana msioijua kazi hii, fundi wa maabara ndiye anayeandaa somo kabla mwalimu hajaingia. Anapanga hadubini, anachanganya dawa, ananoa visu vidogo vya kupasulia. Somo likienda vizuri anasifiwa mwalimu, likiharibika anaitwa fundi.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, nje ya mji, kwenye njia ya kwenda Ijara. Kila mwanafunzi wa sayansi alianza na zuolojia, yaani elimu ya wanyama. Vyura walitoka Nairobi wakiwa wamekufa tayari, wamezamishwa ndani ya fomalini, dawa inayozuia mzoga usioze na inayowasha macho kuliko kitunguu.

Mkuu wa Idara alikuwa mtu wa milimani, mrefu, asiyevua tai hata jua likipasua mawe. Alinizungusha maabara nzima bila kutabasamu. Aliponiona nimeandika "wadudu" kwenye chupa moja, alisimama.

"Ndani ya hii chupa kuna buibui na nge," alisema. "Hao si wadudu. Hesabu miguu."

Nikahesabu. Minane. Mdudu ana sita. Tangu siku hiyo sijaweza kumwona kiumbe anatambaa nisimhesabu miguu, na wanangu wameshachoka nami.

Somo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa la uainishaji, yaani kuwapanga viumbe kwa makundi kulingana na maumbile yao. Kila mwaka Mkuu wa Idara aliwapa wanafunzi wapya picha za wanyama wazipange watakavyo. Na kila mwaka, hawa watoto wetu wa Wajir, Mandera na Garissa walizipanga mafungu yale yale matatu: mifugo, wanyama wa kuwinda, na wale wanaokula mifugo. Fisi aliwekwa na tai, na pamoja nao nyoka. Ngamia aliwekwa juu peke yake. Mkuu wa Idara alipouliza kwa nini ngamia asikae na mbuzi, kijana mmoja wa Elwak alimjibu kwa mshangao wa kweli, "Mwalimu, ngamia si mnyama. Ngamia ni mali."

Mkuu wa Idara alikuwa akinitazama mimi kana kwamba nimewafundisha hivyo. Nikaomba ruhusa kusema. Niliwauliza wanafunzi nani anaweza kuhesabu abtirsi yake, maana kwetu mtoto hufunzwa kutaja nasaba, jina la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka afike kwa jadi wa ukoo wote. Mikono yote ikanyooka. Nikawaambia basi na mnyama anayo abtirsi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, halafu spishi ambayo ndiyo jina lake mwenyewe. Ngamia akihesabu na mbuzi akihesabu, kuna mahali watakutana. Siku hiyo darasa lilibishana mpaka kengele ikapigwa, na hakuna aliyetoka. Walibishania fuko uchi, yule panya wa ardhini asiye na manyoya, kama anastahili kuitwa mamalia. Anastahili, maana ananyonyesha, na ukimwangalia vizuri ana malaika, yaani nywele laini, chache mwilini.

Ndipo akaja Sadia.

Sadia alitoka Banissa, msichana mwembamba mwenye maswali mengi. Kwao hakuna msichana aliyewahi kutoka kwenda chuo, na nyuma yake kulikuwa na wadogo zake wanne, wote wasichana, wote wakingoja kuona dada yao atarudi na nini. Alikuwa wa kwanza darasani katika kila kitu mpaka tulipofika wiki ya vyura. Nilipomwekea trei yake, alirudisha mikono nyuma.

"Maalim, mimi siwezi. Duksi tulifundishwa chura hauawi."

Mwenzake akamwambia vyura wamekufa zamani, hakuna anayewaua.

"Wamekufa kwa ajili ya nani?" Sadia akamuuliza. "Si kwa ajili yetu?"

Nami nilisoma duksi, madrasa yetu ya Kurani, nikajua hasemi kwa uvivu. Wenzake wengine walikuwa wameinamisha vichwa tu na kupasua. Nikampeleka kwa Mkuu wa Idara.

"Sayansi haina kadhi, Bi Dahabo," alisema.

"Sayansi haina, bwana mkubwa. Lakini Garissa inaye."

Hakucheka. Alinikumbusha kwamba mtihani wa vitendo wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja, pamoja na mtahini wa nje kutoka Nairobi, na asiyeonyesha viungo vya ndani vya mnyama mbele ya mtahini ameanguka na hana nafasi mwaka wa pili. Jioni ile ile simu yangu ikalia. Alikuwa baba yake Sadia, akipiga kutoka Banissa, akipaza sauti kushinda upepo, kwa Kiswahili chetu cha kugeuza p kuwa b.

"Maalim, mimi nilikubatia msichana," alisema. "Dini yake sikukubatia. Kama ni hiyo chura, arudi nyumbani. Na hii wadogo wake hakuna moja atatoka tena."

Sikumlaumu. Lakini nilikaa na simu mkononi moyo ukiniuma, maana nilikuwa nawaona wale wasichana wanne nisiowajua.

Asubuhi nilirudi kwa Mkuu wa Idara. Nilimwambia mtaala unataka mnyama mwenye uti wa mgongo. Chura ni mazoea yetu tu. Mbuzi naye ana uti wa mgongo. Achinjwe kwa halali, apasuliwe mbele ya mtahini, na nyama baadaye iliwe, isipotee. Mkuu wa Idara alizungusha kalamu yake kwa muda mrefu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Mtahini akiridhika, nami nimeridhika. Asiporidhika, binti anarudi kwao, na wewe ndiye utakayempigia babake simu."

Siku ya mtihani mbuzi alichinjwa alfajiri nyuma ya jikoni. Mchinjaji alikuwa Gedi, mpishi wa chuo, mtu mwenye kisu kikali na ulimi mkali zaidi. Nilimwambia amchune tu na kumwacha hapo, kisha nikaenda maabara kuandaa trei. Nilichelewa kidogo, bomba la maji lilikuwa limekauka tena na ilibidi nitafute mtungi.

Wakati huo huo gari la mtahini likaingia, mapema kuliko tulivyotarajia. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyesafiri tangu usiku, na walinzi wakampeleka moja kwa moja kwenye kivuli cha jikoni apumzike. Nyinyi mnaotoka huku mmeshajua kilichofuata. Mgeni amefika, mbuzi amechinjwa, na mgeni akae anatazama? Nilipotokea na trei zangu, Gedi alikuwa amemaliza. Mbuzi amekatwa vipande, nyama iko kwenye sufuria la maji baridi, na mtahini wa nje ana sahani ya ini na figo mapajani, anakula na anjera ya moto, anamsifu mpishi.

"Gedi, umefanya nini!" nilipiga kelele.

"Maalim, mgeni iko haba, ini iko haba," alijibu, mwenyewe amekasirika. "Mimi nangoja nini? Nataka watu waseme Garissa hakuna adabu?"

Mkuu wa Idara alifika nyuma yangu. Alitazama sufuria, akatazama sahani, akatazama saa yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Mimi machozi yalikuwa karibu, nasema kweli. Mbuzi mwingine asingepatikana kabla ya mtihani, na Sadia alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe, amejifunga mtandio vizuri, ameona yote.

Alipita kati yetu. Akaitandika ngozi ya mbuzi chini kivulini, manyoya chini, akanawa mikono, akaanza kutoa vipande kwenye sufuria kimoja kimoja. Gedi ana tabia moja nzuri ya wachinjaji wa kwetu: hapigi shoka, hukata kwenye viungo, mfupa unabaki mzima. Sadia aliweka bega mahali pa bega, paja mahali pa paja, mbavu zikafuatana upande huu na upande huu. Kichwa akakiweka juu. Mapafu yalikuwa yamewekewa paka kando, akayachukua. Moyo aliukuta chini ya sufuria. Tumbo akalifungua lote na kulisafisha, akalitandaza. Mtahini alikuwa ameacha kutafuna.

"Endelea," alisema.

"Mnyama huyu amechinjwa kwa halali," Sadia alianza, sauti ikitetemeka mwanzoni. "Kwa hiyo koromeo na umio vimekatwa hapa shingoni. Hizi ni ncha mbili za koromeo, hizi mbili za umio. Damu imetoka, ndiyo maana vyumba vinne vya moyo ni vitupu na unaweza kuviona vizuri." Akaupasua moyo. Akaonyesha vali. Akahamia kwenye tumbo na vyumba vyake vinne, akaeleza majani yanavyoshuka, yanavyorudi kinywani kucheuliwa, yanavyoshuka tena mara ya pili. Sauti haikutetemeka tena.

"Mpe nasaba yake," mtahini alisema.

"Himaya, wanyama. Faila, kodata. Ngeli, mamalia. Oda, wenye kwato shufwa. Familia, bovidi, pamoja na ng'ombe, kondoo na swala. Jenasi, Kapra. Spishi, mbuzi huyu wa nyumbani."

Mtahini aliinama akatazama ngozi kwa makini. Chini ya mbavu za kulia Sadia alikuwa ameacha nafasi tupu, ameizungushia kamba.

"Hapa umesahau kitu. Ini liko wapi?"

Sadia aliinua macho. "Ini limetangulia kwako, mama. Na figo zote mbili."

Mtahini akacheka mpaka sahani ikamponyoka, Gedi akacheka, walinzi wakacheka, na Mkuu wa Idara, mtu wa tai, akageukia ukuta mabega yakimruka. Mtahini alipopata pumzi alimuuliza kazi za ini, akajibiwa zote. Jioni nilimpigia babake simu. Nilimwambia binti amepita, na hakuna chura aliyeguswa. Alisema alhamdulillahi mara nyingi hata nikaogopa salio litaniishia.

Mwaka uliofuata ndoo ya vyura ilitoka maabara. Mkuu wa Idara ndiye aliyeandika barua ya kuomba mbuzi, akijifanya wazo lilikuwa lake, nami nikamwachia. Baadaye nilihamishiwa Wajir, ambako maabara ilikuwa chumba kimoja na chumvi ya maji ilikula vyombo vyetu vyote. Nikarudi Garissa nikiwa fundi mkuu, chini ya Mkuu wa Idara mpya aliyependa kompyuta kuliko wanyama, mtu mwema hata hivyo. Nilistaafu hapo. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, hotuba ndefu, na pilau ya Gedi.

Vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, maana siku hizi mnyama mzima unaweza kumpasua ndani ya simu. Mimi hupenda hizo simu. Ila nawaambia, mkipata mnyama wa kweli, mguseni. Na mtu akikwambia kuna jambo moyo wake umekataa, usiharakishe kumwita mjinga. Tafuta mlango mwingine. Aghlabu upo.

Juzi Sadia alinipigia simu kutoka Banissa. Sasa ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya huko. Wadogo zake wote wanne wameachiwa wasome: mmoja ni muuguzi, wawili wako chuoni, wa mwisho yuko darasani kwake. Nyuma ya sauti yake nilisikia makelele ya wasichana na mbuzi akilia.

"Leo ni somo letu la kwanza la vitendo, maalim. Niombee dua."

"Nakuombea. Nani anawachinjia?"

"Aabo," alisema. "Amekuja tangu alfajiri. Amesema hakuna mwingine wa kumshika huyu mbuzi."

Nikamsikia yule mzee, babake, kwa mbali, anawapigia wasichana kelele wasogee karibu waone.

"Sadia," nikamwambia, "mwambie baba ini lisiguswe mpaka wote wamalize kuchora."