Bwana yangu alicheza kilio changu kwenye piano, watu wakapiga makofi

Admin, jina langu ulifiche tafazali, na la mutoto uweke F. tu, juu Goma ni ndogo na midomo ya watu imenichosha. Nina miaka 36, niko mama wa ndoa, nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni, tunaishi Mabanga. Kwetu ni upande wa Bukavu, Wakatoliki wa kuzaliwa. Bwana yangu ni mwalimu, lakini roho yake iko kwenye piano. Si rumba, si nyimbo za misa. Ni jazz, tena yeye peke yake, bila muimbaji, bila ngoma. Anakaa tu bila karatasi, bila kujua ataanzia wapi, vidole vinatafuta njia. Anaita ile improvisation. Mimi nilikuwa namuchekaka: "Papa, hiyo wimbo yako itaanza saa ngapi?" Naye anacheka. Tuliishi vizuri, siwezi kudanganya.

F. alikuwa mutoto wetu wa kwanza. Alikufa na miaka mine. Malaria. Asubuhi alikunywa uji wake wote, kesho yake tukamuzika, na hapo sitaeleza zaidi. Kwenye matanga nililia mpaka wamama walinishika mikono. Ilikuwa sauti sijui nilitoa wapi: inaanzia chini, inapanda, inakatika pale pumzi inaisha, halafu inaanza tena. Bwana yangu alikaa katikati ya wanaume, macho makavu, anasalimia watu, anauliza kama wote wamepata chai. Mama yangu aliniambia wazi, "Huyu mwanaume ana roho ya jiwe." Nami niliamini. Toka siku ile jina la F. halikutoka tena kinywani mwake. Zamani wote walituita Papa F. na Mama F. Polepole majirani wakaanza kutuita kwa jina la mudogo wake, nasi tukaitika.

Mwaka huu kijana mumoja anayerekodi muziki alimuambia watengeneze album mbele ya watu, live, bila kurudia kitu. Wakapata salle kubwa ya mikutano kule Himbi, yenye piano ya kweli, ile nzito ya mbao. Dimanche moja mchana, misa ikiisha, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakaa mbele pamoja na jirani yangu, mumoja wa wale walionishika mikono kwenye matanga. Mwanzoni nilikuwa napiga miayo, Mungu anisamehe. Halafu mukono wake wa kuume ukaanzia chini, ukapanda, ukakatika. Ukaanza tena. Ilikuwa mimi! Ilikuwa kilio changu chote, na pale pumzi iliniishia, na pale nilikohoa, kila kitu mahali pake. Jirani aligeuka akaniangalia, akafunika mudomo. Nilitaka kusimama nipige kelele, nikauma kitenge changu. Alipomaliza watu wakasimama, wakapiga makofi na filimbi. Wanapigia nini makofi, nyinyi watu? Maiti ya mutoto wangu?

Nyumbani sikungoja hata avue viatu. "Ulinifanyia nini?"

"Sikupanga," akajibu. "Vidole vilienda vyenyewe. Nilipojua ni nini, nilikuwa tayari ndani."

Nilimutukana matusi ambayo siwezi kuandika hapa.

Yule kijana akatuma ile muziki kwenye WhatsApp ili watu waonje album, na toka hapo sina pa kukimbilia. Niliisikia kwenye simu ya motari aliyenibeba na pikipiki. Niliisikia salon, kichwa changu kikiwa kwenye maji. Siku moja klienti alikuja na mutoto muchanga mugongoni, simu inaimba, akaniambia, "Mama, hii ni dawa. Mutoto akiisikia tu, analala." Aliniomba nimuongeze sambaza kidogo, nikamumwangia nusu ya beseni bila kujua. Sasa naisikia hata pale haiko. Bidon ikijaa maji, nasikia inapanda, nangoja ikatike.

Juzi akaniambia album iko karibu kutoka, na ile muziki anataka kuipa jina la F. Nikamuambia haiwezekani. "Kilio kile ni changu. Nilikitoa mimi, wewe ulikuwa unagawa chai."

Akaniangalia. "Mama F.," akasema. Ile jina! Sikuwa nimeisikia kwake toka tuzike. "Na mutoto alikuwa wa nani? Wewe ulilia machozi yote, ukayamaliza. Mimi niliogopa: nikianza, nani atakushika? Nikangoja zamu yangu. Haikufikaka."

Halafu akalia. Alikaa chini jikoni, akalia sana, na mimi, mwanamuke muzima, nimesimama na mwiko mukononi. Toka siku ile analala usiku, anakula, anamuhadisia mudogo wake F. namna dada yake alivyokuwa anacheza. Alijaribu kuicheza tena kwenye piano ya paroisse, kanisani kwetu, akashindwa. Hawezi kuipata. Iko kwenye ile enregistrement tu, ile kijana alirekodi. Ameniambia kwa upole, "Ukisema ifutwe, itafutwa. Sitakukasirikia." Ningependa akasirike, ningejua la kumujibu.

Kijana anangoja jibu langu, si la bwana yangu. Nikikubali, mji muzima utalalia kilio changu, na jina la mutoto wangu litakuwa kwenye simu za watu wasiomujua. Nikikataa, nitakuwa nimefuta machozi ya kwanza ambayo baba yake alimulilia. Ninyi wamama muliozika mutoto, nishaurini, nifanye nini? Wengine ninawaomba musome tu, munyamaze.