Samaki wa Baba na Jivu la Mama

Enzi zetu, sisi tuliokulia Busia upande wa Uganda miaka ile ya sitini, mpaka ulikuwa shughuli ya wakubwa. Mchana tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba na watoto wa upande wa Kenya, jioni kila mmoja akaitwa kwao kula ugali wa wimbi kwa kunde. Televisheni hatukuijua, lakini kwetu tulikuwa na samaki ndani ya sanduku la kioo, na watoto wa jirani walipanga foleni dirishani kumwona.

Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja mzungu kule Tororo. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia Baba sanduku lile na samaki wake mmoja, mweusi mwenye madoa, ngozi ngumu kama gome la mti. Huyo hakuogelea kama samaki wengine. Alijibandika kwenye kioo kwa mdomo, akalamba ule utando wa kijani polepole, nasi tukamwiga mpaka mashavu yakauma. Tulimwita Askari, kwa sababu mchana alilala chini ya kipande cha gogo, na jua likishuka ndipo akaingia zamu. Kazi yangu ilikuwa kumbadilishia maji, kidogo kidogo, kwa maji ya mvua. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wengine, na walijua.

Sasa Mama. Mama na uchafu hawakuiva chungu kimoja. Sufuria alizosugua kwa jivu na mchanga ungeweza kujitazamia ukachana nywele. Kila Jumamosi alimhamishia Askari kwenye karai, akasugua kioo ndani na nje mpaka kikameta. Na mwaka ule alizidisha, maana dada yangu Nabwire alikuwa amechumbiwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na wakwe walikuwa njiani kuja kututazama.

Askari akaanza kukonda. Tumbo likaingia ndani, rangi ikafifia, hata kujibandika kukamshinda. Nikalia, nikasusa chakula. Hakuna aliyenibembeleza, enzi zetu ukisusa, wenzako walikushukuru.

Baba alipokuja mapumziko kutoka kazi yake mpya Tororo akamtazama, akakohoa.

"Mama Nabwire, yule mzungu alisema ile kijani isiguswe. Ndio chakula yake."

"Na wewe umenyamaza siku zote hizo?"

"Nani anaweza kukuambia wewe usisugue kitu?"

Mama akakung'uta jivu mikononi. Kisha akalisogeza sanduku karibu na dirisha ili kijani kirudi haraka, akaanza kumpa Askari kipande cha boga la kuchemsha kila jioni. Nilijua ilimgharimu. Wageni wangelikuta sanduku pale pale sebuleni.

Wakaja. Senge wa bwana harusi, yaani shangazi yake, alikuwa mwanamke wa macho makali. Alipita sufuria zote asipate kosa, akasimama mbele ya kioo kilichogeuka kijani kibichi.

"Na hii, hapa hakuna msichana wa kuiosha?"

Nabwire akainamisha kichwa. Tulijua uchumba umevunjika kwa ule utando wa kijani.

"Hiyo si uchafu, mama," Mama akasema. "Ni sahani yake. Mimi siwezi kunyang'anya mtu sahani na bado anakula."

Askari akatoka chini ya gogo, tumbo limejaa, akajibandika mbele ya uso wa yule shangazi na kulamba. Senge akamtazama, kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea.

"Nyumba ambayo hata samaki anangojewa amalize kula, kijana wetu hatalala njaa."

Nabwire aliolewa, akazaa, akazeeka ng'ambo. Tangu siku ile Mama alisugua kila kitu maishani mwake, isipokuwa kioo kile.

Mjukuu wangu naye anafuga samaki wa aina hiyo. Ana mashine ya kuchuja maji, taa, vidonge vya chakula na simu ya kumfundisha yote, na bado samaki wake amekonda. Juzi nilimwambia auache ukuta mmoja wa kioo bila kuusugua.

"Wageni wakiona je, Bibi?" akauliza.

Nikatazama viti vyake vizuri, bado vimevaa nailoni ya dukani. Sikukumbuka ni lini mara ya mwisho mgeni aliketi pale.