Pumzi ya Kumtosha Baba

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikisikia mtu akisema ongeza. Nilikuwa bado najiona kijana, tumbo bado dogo, na baba yangu, mzee wa reli, alikuwa amelazwa hapa Lubumbashi kwa homa ya mapafu. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimpumulisha.

Ukoo ulijaa uani hospitalini, waliotoka Naviundu na Lukafu, wamekuja na sufuria na rozari. Tukasikia daktari anataka kupunguza nguvu ya mashine. Mtu anahema kwa shida, halafu apunguziwe? Shangazi alisema wanamkatia kaka yake hewa. Wazee wakakaa kikao palepale, nikatumwa mimi, mtoto wa kwanza, nikamwambie daktari aongeze.

Nilimkuta daktari mwenyewe, binti mdogo tu, amempaka baba mafuta mazito kifuani na anampitishia kile chombo cha ekografi, cha kupigia picha ndani ya mwili. Hapo nikachanganyikiwa kabisa.

“Mama Dokta,” nikasema, “ile mashini iko ya bamama ya mimba. Papa yangu iko mwanaume.”

Hakucheka. Mimi ningecheka. Akanigeuzia kioo, nikaona kijivu, kama mawingu, na kitu kinatapatapa katikati.

“Hii njo moyo yake, papa. Mapafu, mbele imeshajaa pumuzi, nyuma iko na maji. Tukiongeza, pumuzi haiendi nyuma, inafinya moyo. Njo maana tansio, ile presha ya damu, inashuka.”

Niliangalia tena. Sikuelewa. Nje ukoo unaningoja, ndani baba anazidi kuzama, na neno limebaki kwangu. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nikamwomba apunguze kidogo nikiwa palepale, tuone wote wawili. Akapunguza. Kile kitu kwenye kioo kikaanza kudunda kwa utulivu, na presha ikapanda polepole. Hilo hata mimi niliweza kuliona.

Nilipotoka kuwaambia, shangazi alinigeuzia mgongo, na akaendelea hivyo mpaka siku baba alipotolewa mpira wa mashine kooni. Ndipo akaanza kumtania kaka yake kwa ile mashini ya bamama, amwambie mtoto wa mimba ile anaitwa nani.

Picha ile mpaka leo siielewi. Lakini nakuusia hivi: watu wakikutuma ukaseme ongeza, usione aibu kukiri kwamba hujui, uombe kwanza uonyeshwe. Tulimpenda baba, na kwa mapenzi yale yale karibu tumuue. Mungu akujalie pumzi ya kukutosha, mwanangu, ya kukutosha tu.