Mukono wa Udongo wa Dusabe

Siku zile za kwetu, mutoto wa Goma hakujua duka la vitu vya kuchezea. Alichochezea kilitoka kwa mama yake, ao alikiokota mwenyewe nyuma ya nyumba. Ninyi muliokuwa wadogo wakati wa Wabelgiji kama mimi, munanielewa. Mupira tuliufunga kwa maganda makavu ya mugomba mpaka ukawa mugumu kama jiwe, na ukikupiga kichwani ulilala bila kula. Mutoto wa kubeba mugongoni alikuwa gunzi la muhindi, nywele zake zile nyuzi za muhindi wenyewe, na sisi wasichana tulimwimbia, tulimwogesha, tulimuchapa alipokataa kulala. Wavulana walitengeneza magari kwa mabua ya mutama, magurudumu wakakata kwenye makopo ya maziwa ya Wazungu, wakayasukuma juu ya yale mawe meusi yetu yanayochuna magoti. Nina alama mpaka leo.

Ukimupa mujukuu wangu gunzi la muhindi, atakuuliza betri inaingizwa wapi. Simulaumu. Lakini sisi tulijua kila kitu kilitoka kwenye mikono ya nani.

Sisi tulikaa site, mutaa wa watu weusi, Wazungu walikaa kandokando ya ziwa. Papa alikuwa mujenzi. Nyumba nyingi za kule chini, zile zenye kuta za mawe ya mulima, mikono yake ilipita humo. Jioni alirudi na vumbi jeusi kwenye kope, akanawa, akakaa mulangoni akingoja bugali na maharagi. Mama alikuwa mutu wa kazi za vidole. Hata akizungumuza na jirani, vidole vyake vilikuwa vinasuka kitu. Alitutengenezea vibuyu vidogo vyenye mbegu ndani vya kutulizia mutoto anayelia, vikapu vya kuwekea karanga, mishipi ya shanga ya kufunga kiunoni. Lakini kulikuwa kitu kimoja alichokitengeneza mara moja tu kwa kila mutoto, na hicho hatukuruhusiwa kukichezea.

Goma, munajua, ni mawe matupu. Udongo wa kufinyanga ulitoka mbali. Koko, mama ya mama, alikaa upande wa Rutshuru, na alipokuja kuona mutoto mupya alileta maharagi, mutama, na bonge la udongo lililofungwa kwenye majani ya ndizi ili lisikauke njiani. Mama aliukanda ule udongo kwa maji kidogo kidogo mpaka ukalainika kama bugali ya mutoto. Akaupiga bapa, akamupakata mutoto, akamufungua vidole polepole, akabandika kiganja chake juu ya udongo, akakikandamiza kwa kidole gumba chake mwenyewe. Mutoto alishituka kwa baridi, akalia, nasi tukacheka. Kisha udongo ulitobolewa tundu juu, ukakaushwa kivulini, ukachomwa kwenye makaa, ukapitishwa kamba ya katani, ukatundikwa ukutani juu ya kitanda cha wazazi. Kulikuwa mukono wangu, mukono wa mudogo wangu Yohani, na mukono wa Dusabe.

Siku moja Masera, mutawa wa kike wa shule yetu, alipita nyumbani, akaona ile mikono, uso wake ukakunjamana. Akauliza kama ni dawa za wapagani.

Mama akamujibu, "Hapana, Masera. Ni watoto wangu."

Dusabe alikuwa mudogo wetu. Alikuwa na shavu moja lenye kishimo, na alipenda kunishika pua. Surua ilipoingia site wakati wa mvua, iliingia nyumba kwa nyumba. Mimi niliugua nikapona. Yohani aliugua akapona. Dusabe alikuwa bado hajaanza kutembea. Papa alimubeba ndani ya koti lake mpaka dispensari, akarudi naye ndani ya koti lilelile, na tulipoona namna Papa alivyotembea, Mama alikaa chini pale pale kwenye mawe.

Tulimuzika kwenye makaburi ya misioni. Musalaba wake ulikuwa wa miti, na miti ya wakati wa mvua haidumu. Picha hatukuwa nayo. Picha ilikuwa kitu cha Wazungu na cha wakubwa wa kazi. Kwa hiyo alichotuachia Dusabe ni ule mukono ukutani, mudogo kuliko yote, wenye vidole vilivyotawanyika kidogo sababu alikuwa analia wakati Mama anaubandika. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, Mama aliweka kidole gumba chake ndani ya kile kiganja. Aliweka tu, kisha akaenda kutafuta kuni.

Wakati ule kulikuwa fuaye, nyumba ambamo wamama wa site walifundishwa kushona, kufuma na kupika keki. Mwenye kuongoza alikuwa Madamu mumoja, bibi ya mukubwa wa kazi. Hakuwa mutu mubaya wa kupiga watu kelele. Alicheka upesi, alipenda watoto, alitupa sukari. Nasema hivi sababu watu wanataka kila Muzungu wa hadithi awe na kiboko mukononi. Yule hakuwa na kiboko. Alipenda vitu vizuri, basi, na alikuwa hajawahi kuambiwa hapana na mutu wa site.

Siku moja alitangaza kwamba wageni watakuja kuona kazi za wamama. Akamuambia Mama, kwa kile Kiswahili chao cha kuamuru hata wanapobembeleza, "Maria, wewe leta vitu yote ya watoto. Yote! Mimi napenda sana."

Mama alibeba vibuyu, vikapu, mishipi. Madamu akamuuliza kuhusu ile mikono aliyosikia habari zake. Mama alisita. Nyumbani alimuambia Papa, "Ule wa Dusabe sitaki utoke."

Papa akamujibu, "Ni siku moja tu. Ukimukatalia, atauliza sababu. Ipeleke, uirudishe."

Kwa hiyo ikatoka ukutani, imefungwa ndani ya kikwembe kizuri cha Mama.

Sisi watoto tulichungulia dirishani. Meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, wageni walikunywa chai, wanawake wenye kofia waliinama kutazama. Mbele ya mikono yetu waliweka kikaratasi. Nilikuwa nimeanza kusoma Kifaransa kwa Masera, nikakisoma kwa taabu: kilisema ni kazi ya wenyeji. Jina la Mama halikuwapo. Jina la Dusabe halikuwapo. Mama alisimama nyuma ya meza amenyooka, na macho yake hayakutoka kwenye ule mukono mudogo hata mugeni aliposema naye.

Kesho yake alikwenda kuchukua vitu vyake. Alirudi na vikapu, vibuyu, mukono wangu na mukono wa Yohani. Alivipanga chini kimoja kimoja, kisha akakung'uta kikwembe, akakikung'uta tena, kana kwamba mukono ungeweza kujificha ndani ya nguo.

Jumapili Papa alivaa koti lake, lile lile, akaniambia nimufuate sababu nilijua maneno ya Kifaransa kidogo. Tulishuka mpaka kando ya ziwa. Nyumba ya Madamu ilikuwa na maua mekundu na ukuta ambao Papa mwenyewe alikuwa ameupanga jiwe kwa jiwe. Hatukuingia. Tulisimama chini ya baraza, Papa kofia mukononi.

"Madamu, utusamehe," Papa akasema. "Ule mukono mudogo wa udongo, mama ya watoto anauomba."

Madamu alifurahi kuulizwa. "Ah, ile kidogo! Nzuri sana ile. Mimi nimetuma kwa dada yangu, Ulaya. Iko njiani sasa, na mizigo ingine." Kisha akaona uso wa Papa. "Lakini udongo iko mingi, hapana? Maria atafanya ingine."

Papa aliizungusha kofia yake mara moja.

"Udongo uko, Madamu," akasema. "Mutoto ndiye hayuko."

Madamu hakuelewa. Akanitazama mimi. Na mimi, mutoto wa shule ya masera, nilitafuta neno la Kifaransa, nikalipata. "Morte," nikasema. "Amekufa." Lilikuwa kati ya maneno ya katekisimu, ndiyo sababu nililijua.

Madamu akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaingia ndani upesi, tukasikia makabati yakifunguliwa, akarudi na kopo la biskuti, kopo zuri lenye picha ya farasi. "Sikujua," akasema. "Pole. Pole sana. Hii ya watoto." Macho yake yalikuwa na machozi, nami sina sababu ya kusema yalikuwa ya uongo. Lakini hakusema ataandikia dada yake. Hakusema ataurudisha. Nilingoja aseme. Papa pia alingoja, nadhani, maana hakunyoosha mikono mara moja. Kisha akalipokea lile kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, vile mutu wa kazi alivyopaswa kupokea.

Tulipopita kwenye ule ukuta aliopanga mwenyewe, aliutemea mate. Kabla ya siku ile nilikuwa sijamuona Papa akitema mate barabarani.

Mama alikuwa anatungoja mulangoni. Aliona kopo. Alilichukua, akalifungua, akaliweka juu ya mukeka mbele yetu.

"Kuleni," akatuambia. "Ndiyo bei ya mukono wa dada yenu."

Yohani alikuwa bado mudogo, hakuelewa. Alikula, na uso wake ukang'aa. Akauliza kama Madamu anazo zingine. Mama akacheka. Wapenzi wangu, kuna kicheko ambacho mutoto akikisikia anaacha kutafuna. Papa alitoka nje akasimama mvuani bila kofia.

Fuaye Mama hakurudi tena. Walimutumia watu, akasema mugongo unamuuma. Papa aliogopa kwa ajili ya kazi, lakini hakumulazimisha. Mimi nilitegemea kwamba Madamu, mutu wa kulia machozi vile, angefanya kitu. Niliangalia barabara. Kila pakiti iliyoingia posta ya Goma, kichwani mwangu ilikuwa mukono wa Dusabe unarudi. Kisha Madamu akahamishwa na bwana yake, kisha uhuru ukaja, tukaimba, tukacheza, na hakuna aliyezungumuza juu ya kipande cha udongo.

Kabla ya hapo alizaliwa mudogo wetu wa mwisho, Fidele. Koko alikuja kutoka Rutshuru na maharagi yake na bonge lake la udongo ndani ya majani ya ndizi. Mama alishukuru, akaliweka pembeni, akaliacha. Likakauka, likapasuka. Nilipoona hivyo nilikwenda kulilowesha, nikamubeba Fidele ili nimubandike mwenyewe. Mama alinishika mukono.

"Acha, Veronika. Mukono wake ni ule alio nao."

Akachukua ule udongo akazibia tundu la panya ukutani. Tangu siku ile vidole vyake vilishona nguo zilizopasuka na kuchambua maharagi, basi. Hakusuka tena kikapu cha uzuri. Fidele leo ni muzee mwenye mvi, na tukikaa sherehe analalamika kwamba sisi wakubwa tulipendwa kuliko yeye, tulitengenezewa vitu. Namuacha aseme. Nimueleze nini?

Mama aliishi muda mrefu. Papa alitangulia, tulihama nyumba, tulirudi, mulima wa moto ulitufukuza na vita vilitufukuza, naye alikuwa bado yuko, mudogo mudogo kwenye kiti chake. Siku moja nilikuwa ninamukata kucha. Akatazama vidole vyangu, akaniuliza, "Veronika, vidole vya Dusabe vilikuwa virefu ao vifupi?"

Nilifikiri. Nilitafuta kwa nguvu zangu zote. Nikasema, "Vilikuwa vifupi, Mama."

Akatikisa kichwa. "Hujui," akasema. "Na mimi sijui tena."

Sasa ninyi wenzangu wa umri wangu, nasikia tukikutana tunavyowacheka vijana. Mutoto hajatoka vizuri tumboni, simu tayari imemulika. Anapiga muayo, picha. Anatapika maziwa, picha. Binti ya mwanangu alipojifungua juzi, kabla sijamaliza kusali, picha ya mutoto ilikuwa imekwisha kufika Kiwanja, Bukavu, Kampala na kwa mujomba wake Ulaya. Niliwaambia kwamba sisi tulikuwa na akili, tulitengeneza ukumbusho kwa mikono, tukauchoma kwa moto, tukautundika ukutani. Wakacheka kwa heshima, vile wanavyowacheka wazee wao.

Kisha yule binti akanisogezea simu. "Angalia, koko, vidole vyake." Akavikuza kwa vidole vyake viwili, mpaka nikaona kila mukunjo, kila ukucha kama punje ya mutama. "Hata simu hii ikiibiwa," akaniambia, "mama anayo, tantine anayo, wote wanayo."

Nilimurudishia simu yake, nikasema maharagi yanaungua, nikaenda jikoni. Maharagi hayakuwa motoni bado. Nilikaa kule nikiona uchungu na wivu, mimi muzee wa kuwacheka, nikijiuliza kwa nini Mama yangu, mwenye vidole vile, alipewa kiganja kimoja tu cha udongo cha kushika.