Dawa Niliyoitia Kwenye Breki

Manjano yakimwagika juu ya chuma cha moto hutoa harufu ambayo si ya jikoni wala si ya gereji. Ni harufu ya mchuzi ulioungua, kutu na mvuke kwa pamoja, na hunasa kooni kabla hujatambua inatoka wapi. Mimi niliijua nikiwa na miaka tisa, Ras Kitau, kisiwani Manda, miaka michache baada ya uhuru. Baba yangu, Mutua, alikuwa dereva wa gari pekee upande wetu wa kisiwa. Alitoka Ukambani akiwa kijana, akaja pwani kufanya kazi za barabara, na mwishowe akaajiriwa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na nyumba ndogo ya wageni pale ufukweni, mkabala na Shela ya ng'ambo, kisiwani Lamu. Sote tulimwita Memsabu. Tuliishi nyuma ya nyumba yake katika vyumba viwili vya makuti: Baba, Mama, mimi, na mdogo wangu Kyalo ambaye alikuwa bado hajatembea.

Gari lenyewe lilikuwa la kabla ya vita vya Hitla. Mtu fulani alikuwa amelikata nyuma akaliwekea mbao za kubebea mizigo, na kazi yake ilikuwa kuchukua wageni na masanduku kutoka kiwanja cha ndege hadi nyumbani na kuwarudisha, mwendo wa kilomita chache katikati ya vichaka vya miiba. Lilivuja kila mahali. Popote liliposimama liliacha madoa matatu mchangani: moja la maji, moja jeusi la oili ya gia, na jingine dogo karibu na gurudumu la mbele, ambalo Baba alilitazama kwa muda mrefu kuliko yale mawili. Maji ndiyo yaliyotutesa kwanza. Manda haina maji matamu. Kila asubuhi mashua ilileta madebe kutoka Shela, na sisi tulipewa debe moja la kupikia, kunywa na kumwogesha mtoto. Kabla ya kila safari Baba alilazimika kuijaza maji rejeta inayopoza mashine, na safari ikiisha ilikuwa tupu. Maji ya bahari hayafai, yangekula chuma chote. Basi mara nyingi jagi la rejeta lilitoka katika debe la Mama. Mama alimtazama Baba akimimina kama mtu anayetazama uji wa mwanawe ukimwagwa.

Siku moja Memsabu alisimama mlangoni mwetu akasema kwa Kiswahili chake, "Mutua, gari hii kunywa zaidi ya wageni. Mwezi ujao kama hapana tengenezwa, mimi peleka gari Mombasa, weka punda. Punda hapana taka dereva." Alisema huku akicheka, lakini Baba hakucheka. Jioni ile alikula kidogo, akasali kwa maneno machache kuliko kawaida. Tangu hapo nikawa nayahesabu yale madoa kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Yakiongezeka sikutaka chai.

Mama ndiye aliyetoa manjano. Alisema kwamba mwenye duka wa Kihindi mahali walipokuwa wakiishi zamani alitia manjano katika rejeta ya lori lake, na Baba, ambaye hakuwa na jingine la kujaribu, akamwaga vijiko vinne vikubwa na kuwasha mashine. Kwanza maji yakatoka ya rangi ya njano, mvuke ukatujaa puani, mimi nikalia kwa kudhani gari linaungua. Kisha matone yakapungua. Jioni yakakoma kabisa. Baba aliinama chini ya gari kwa tochi, akainuka na uso mpya. Kesho yake debe la Mama lilibaki zima.

Bwana Athmani alikuja wiki hiyohiyo. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa Mbwajumali, kisiwani Pate, mwembamba, msomaji wa Kurani, mwenye vidole vilivyojaa makovu. Kila mwezi alipanda boti ya abiria kwenye gati la Mtangawanda, akafika Amu, yaani mji wa Lamu, kisha akavuka kuja kwetu kuangalia mashine ya boti ya Memsabu. Yeye na Baba walipendana sana, ingawa walibishana kila walipokutana. Baba alimfunulia boneti kama mtu anayeonyesha kitoto kichanga.

"Manjano yameziba, Bwana Mutua, siwezi kukana," alisema Bwana Athmani kwa lahaja ya kwao, ambako njia ni ndia na maji ni mai. "Tundu ni dogo na unga umejaa. Lakini hiyo ni ya yeo na kesho. Siku moja unga huo utaziba na ndia ya mai iliyo nzima."

"Kesho inanitosha," Baba akajibu. "Kesho kutwa nitaomba nyingine."

Mwezi huo pia ndipo Baba alipopata kopo kutoka Mombasa. Lilikuwa la bati, jekundu, na ndani mlikuwa na mafuta mazito yenye harufu kali. Mabaharia wa boti ya mizigo walimwambia ni dawa ya kuziba, unaitia kwenye oili, inafurisha raba zilizochakaa mpaka zinabana tena. Alilitia katika boksi la gia, na baada ya siku nne doa jeusi nalo likatoweka. Kopo likabaki nusu, akaliweka juu ya rafu karibu na biblia. Akilini mwangu jambo lilikuwa limekwisha thibitika: gari ni kama mtu, na kila kinachovuja kina dawa yake.

Likabaki doa la tatu. Lilikuwa la oili ya breki. Baba alikuwa na chupa ndogo ya oili hiyo, na kila asubuhi alifungua kikombe cha bati kilichokuwa karibu na mashine, akaongeza kidogo kidogo. Chupa ilikuwa inakwisha. Alikuwa ameagiza nyingine pamoja na raba mpya, lakini boti ilipofika haikuwa na mzigo wake. Nilimsikia akimwambia Mama, "Breki zikiisha siwezi kumbeba mgeni. Na nisipombeba mgeni, nina kazi gani hapa?" Mama akamjibu kwamba Mungu yupo. Mimi nilikuwa nje nikimchezesha Kyalo, na maneno hayo yakaniingia kama homa.

Asubuhi ya pili, Baba alipokwenda ufukweni kupokea madebe, nilichukua kopo jekundu, nikapanda juu ya jiwe, nikafungua kile kikombe na kumimina mpaka kikajaa. Nilipangusa kwa kitambaa cha Mama, nikarudisha kopo mahali pake.

Siku tatu baadaye lile doa halikuwepo. Baba alipapasa gurudumu, akanusa vidole, akatikisa kichwa. "Limepona lenyewe," akamwambia Mama, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilimsikia akipiga mluzi. Nilitaka kumwambia ni mimi. Nilikuwa nikiipanga sentensi yangu, nikichagua wakati mzuri, labda Jumapili baada ya sala. Sijui kwa nini nilingoja. Nadhani nilipenda kuwa na siri iliyomfurahisha baba yangu.

Jumamosi Bwana Athmani akaja kabla ya siku yake, kwa sababu mashine ya boti ilikuwa imekataa kuwaka. Walikaa kivulini wakinywa kahawa, na Baba akamweleza habari ya kopo na boksi la gia. Bwana Athmani alilinusa lile kopo.

"Kwa gia sawa," akasema. "Raba itafura, itabana, kisha italainika na kuoza, lakini gia haziui mtu. Usije ukaitia kwenye breki tu. Raba za breki hazitaki mafuta ya jinsi hii. Zitafura mpaka zigande ndani, kisha zipasuke. Siku hiyo utakanyaga na hutapata kitu."

"Mimi si mwendawazimu," Baba akacheka.

Nilikuwa nimebeba birika. Sikulidondosha. Nilimimina kahawa, nikarudi jikoni, nikakaa nyuma ya pipa. Toka siku ile sikuwa mtoto mwenye usingizi wala njaa. Kila mara gari lilipoondoka nilibaki nikisikiliza mpaka lirudi. Mara mbili nilimfuata Baba nikiwa na neno mdomoni, na mara mbili alinigeukia kwa uso ule wa furaha, nikamwuliza kama anataka maji. Nilijiambia Bwana Athmani amekosea, kwa kuwa gari lilikuwa likisimama vizuri. Lakini siku moja nilimsikia Baba akilalamika kwamba kanyagio limekuwa gumu na halirudi upesi, na magurudumu ya mbele yana joto hata baada ya mwendo mfupi. Nikajua.

Kisha Kyalo akaugua. Ilianza kama homa, ikaingia kifuani, na siku ya tatu alikuwa akivuta pumzi kwa sauti kama ya mlango unaoburutwa. Memsabu, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko moyo wake, aliposikia sauti ile aliweka glasi yake chini, akaagiza kwamba ndege ndogo itakayokuja asubuhi impeleke Mama na mtoto hospitali ya Mombasa. Ndege ilisikika ikizunguka kabla hatujawa tayari. Mama aliingia mbele akiwa amemfunga Kyalo kifuani, Baba akakaa kwenye usukani, na mimi nikapandishwa nyuma kwenye mbao niushike mfuko wa nguo usianguke.

Baba aliendesha kwa kasi ambayo sijapata kuiona kwake. Miiba ilikwaruza pande zote mbili. Nilishika mbao kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine, na kupitia dirisha lisilo na kioo niliona kisogo cha Baba na mkono wa Mama ukimpapasa Kyalo mgongoni. Ndipo nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, si manjano, ni kitu cha raba, ikitoka magurudumu ya mbele. Nilijua njia ile. Kulikuwa na kona moja tu iliyosalia, na baada ya kona njia ilishuka kidogo na kufunguka moja kwa moja kwenye kiwanja, mahali ambapo ndege husimama na watu hukusanyika.

Nilipiga kelele. "Baba! Nilitia dawa kwenye breki! Ile ya kopo! Ni mimi, Baba!"

Hakugeuka. Niliona mabega yake yakipanda, kisha mguu wake ukikanyaga, ukienda chini mpaka mwisho bila kizuizi chochote. Alikanyaga tena. Hakuna kitu. Breki ya mkono ilikuwa imekatika tangu kabla sijazaliwa. "Mshike mtoto," alimwambia Mama kwa sauti ya kawaida kabisa, na akavuta gia chini, mashine ikalia, akavuta tena, tukarushwa mbele sote. Tulipopita ile kona niliiona ndege, panga lake bado likizunguka, na wapagazi wawili wamesimama mbele yetu wakiwa wamebeba masanduku. Baba alikata usukani kushoto. Gari likaacha njia, likapasua vichaka, likaingia katika rundo la mchanga wa matumbawe lililowekwa kwa ajili ya kutengeneza kiwanja, na likazama hapo likitoa mvuke wa njano.

Nilikuwa nimeangukia mfuko. Nilisikia Kyalo akilia, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko sauti yoyote niliyopata kusikia. Mama alikwisha shuka. Alikuwa akikimbia kuelekea ndege, kiatu kimoja mguuni, damu kwenye kipaji cha uso, na Baba nyuma yake akipunga mikono ili rubani angoje. Alingoja. Ndege ikaondoka, Baba akarudi polepole. Nilidhani atanipiga. Alinishusha kutoka kwenye mbao, akanipapasa mikono na miguu kuona kama nimevunjika mahali, halafu akakaa chini mchangani akashika kichwa chake.

"Kama ungenyamaza mpaka tufike pale chini kwenye watu," akasema baadaye, akionyesha kiwanja kwa kidevu, na hakumaliza.

Bwana Athmani ndiye aliyezifungua breki. Alizitoa raba moja baada ya nyingine, zimevimba na kulainika kama tende zilizolowekwa, akazipanga juu ya gazeti. Memsabu alisimama hapo amekunja mikono, akauliza nani ametia mafuta hayo. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nilifungua mdomo.

"Ni mimi, Memsabu," Baba akasema. "Nilidhani yatasaidia."

Bwana Athmani akamtazama Baba, akanitazama mimi, akainama akaendelea kufunga spana zake katika kitambaa. Mbele ya fundi aliyekwisha kumwonya, kukubali ujinga kama ule kulikuwa sawa na kuvua nguo hadharani. Memsabu alikwisha agiza punda wake, na mwisho wa mwezi tulihama Ras Kitau. Baba aliingia kazini na Bwana Athmani, wakitengeneza mashine za boti Amu, na huko ndiko Mama alikomkuta aliporudi na Kyalo mzima, mnene, akijifunza kusimama. Habari ya kopo Baba hakuitaja tena hata siku moja, si kwa hasira wala kwa mzaha, mpaka alipofariki.

Leo Manda ina kiwanja cha lami na ndege kubwa hutua hapo kila siku. Kyalo ana wajukuu na hulalamikia magoti yake. Mimi ninaishi Mombasa, nina gari la zamani ninalolipenda, na vijana wa gereji hunionyesha vichupa vya rangi nzuri: hiki cha rejeta, hiki cha oili, hiki cha usukani. Mimi huwajibu kile nilichojifunza. Tundu dogo la maji dawa italishika, ikufikishe kwa fundi. Raba iliyochoka dawa itaifurisha kwa muda, nawe uutumie muda huo kutafuta raba mpya. Breki usizitilie kitu ila kile zilichoundiwa. Hunisikiliza kwa adabu, wakiniona bibi mwenye maneno mengi.

Wasichokijua ni kwamba kila ninapoteremka kilima huigusa breki mapema, kabla haijahitajika, na mpaka iitike sivuti pumzi. Hofu hiyo nimeizoea. Ninachoshindwa kukizoea ni kwamba nimekwisha kuwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao Baba siku ile mbele ya Memsabu. Nimelea watoto watano, wamevunja na kuharibu vingi, na mbele za watu nimewahi kusema, kwa haraka na kwa kidole kilichonyooka, "Ni huyu."